Uso wa Mtoto ni Amana



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Mama zetu, dada zetu na wazee wetu wapenzi, safu yetu wiki hii yatoka Isiolo, mji ambao tumekuwa tukisomesha kwa miaka mingi, na ambao wasomaji wetu wengi wa pwani waujua kwa maziwa ya ngamia na kwa njia ya kwenda Marsabit na Moyale. Tuliyo nayo leo si habari ya Isiolo peke yake. Ni habari ya kila nyumba iliyo na simu na mtoto.

Karibu na msikiti wetu pana duka lenye kibaraza, na baada ya sala ya alasiri huketi hapo vijana: fundi wa simu, madereva wawili watatu wa bodaboda, na wanafunzi wa chuo wakiwa likizoni. Zamani walizungumza mpira na mvua. Siku hizi huzungumza habari za mitandao, na sheria zake, na kesi zake, na kila mmoja ni wakili. Sisi hupita, na mara nyingine huketi tukasikiliza, kwani mwalimu asiyejua wanafunzi wake wanabishania nini atawasomesha watu waliokwisha kuondoka.

Siku hiyo walikuwa wakiibishania Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Sheria hiyo ni ya mwaka 2018, na tarehe 15 Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho yake. Wiki moja baadaye, tarehe 22 Oktoba, Mahakama Kuu ikavisimamisha kwa muda baadhi ya vifungu vinavyohusu unyanyasaji wa mtandaoni, baada ya mwimbaji Reuben Kigame na watetezi wa haki za binadamu kwenda mahakamani. Fundi wa simu alikuwa upande wa walioogopa. Alisema kwamba marekebisho hayo yatoa nguvu ya kuamuru tovuti ifungwe ikidaiwa kueneza itikadi kali za kidini, na akauliza ni nani atakayeipima hiyo itikadi kali, na kwa mizani gani. Mwanafunzi mmoja akamjibu kwamba sheria hiyo hiyo yawahusu wanaoeneza picha chafu za watoto, na kwamba mwizi wa mtandaoni hawezi kuachwa ati kwa sababu polisi waogopwa.

Tuliulizwa rai yetu. Tulisema kwamba kila mmoja ana sehemu ya haki. Sheria yenye maneno mapana hutegemea sana uadilifu wa anayeishika, na watu wa kaskazini wana sababu ya kuuliza nani ataishika. Lakini madhara ya mtandaoni nayo si hadithi, na aliyetapeliwa au kuvunjiwa heshima yake hapati faraja kwa kuambiwa kwamba mtandao uko huru. Vijana waliridhika na jibu hilo, nasi, twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, tuliridhika na nafsi zetu.

Tulipoinuka kwenda zetu, mama mmoja alikuwa akitungoja chini ya ukuta. Ni mjane, auza maziwa ya ngamia. Huyakusanya alfajiri na kuyapeleka kwa basi Nairobi, kwa dada yake aliyeko Eastleigh. Binti yake wa miaka tisa asoma katika madrasa tunayoisimamia. Alitusalimia, akaitoa simu yake katika pindo la leso, akatuonyesha picha.

Ilikuwa picha ya binti yake ameketi juu ya mkeka, juzuu i mapajani, miguu haina viatu. Juu yake yameandikwa maneno kwamba mtoto huyu ni yatima wa Isiolo, hana hata viatu, na anayempenda Mtume amchangie. Jina lake la kwanza lilikuwapo, na jina la bula anamokaa lilikuwapo. Chini yake palikuwa na nambari ya kutumia pesa, nambari tusiyoijua.

Mama yule hakupaza sauti. Alituambia, "Sheikh, viatu vyake vilikuwa mlangoni."

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo yatupasa tuseme ukweli wetu. Nambari ile haikuwa yetu, lakini picha ilikuwa yetu, na maneno yalikuwa yetu. Kabla ya Ramadhani madrasa ilikuwa na upungufu. Kijana anayetusaidia na ukurasa wetu wa mtandaoni alipiga picha darasani, akaandika maneno yale, akatuletea tuyatazame. Sisi twajua, kama ajuavyo kila aliyewahi kuingia madrasani, kwamba hakuna mtoto anayekanyaga mkeka na viatu. Viatu vyao vyote hupangwa mlangoni. Tuliyasoma maneno "hana hata viatu", tukayafikiria kwa muda mfupi, tukasema, "Weka." Picha ikawekwa. Fedha zikaja, zikalipa walimu na futari. Mtoto yule alipata mfuko wa mchele na tende, kama walivyopata wenzake wote. Kisha mtu tusiyemjua akaichukua picha ile, akaondoa nambari yetu, akaweka yake.

Mama yule aliipata habari kutoka Eastleigh. Wateja wa dada yake waliiona, wakauliza kama maziwa siku hizi hayauziki hata mtoto hana viatu. Shuleni wenzake walikuwa wamekwisha kumpa binti jina la kumcheka. "Mimi huamka saa tisa za usiku ili mtoto huyu asiombe," alisema mama. "Ninyi mmemfanya muombaji mbele ya watu nisiowajua, wala hamkuniuliza."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetoka kutoa rai juu ya serikali na uhuru wa raia, ilhali dhulma iliyokuwa karibu nasi zaidi ilikuwa ya mkono wetu.

Tulirudi nyumbani tukaifungua misahafu, si kwa kutafuta jipya, bali kwa kuyatazama upya tuliyokuwa tukiwasomesha wengine. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu aeleza kwamba sadaka ikidhihirishwa ni jambo jema, lakini ikifichwa na kufikishwa kwa masikini ni bora zaidi. Katika sura hiyo hiyo atukataza kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Tena awasifu mafakiri wenye kujizuia kuomba, hata asiyewajua akadhani kwamba wana uwezo. Mama huyu alikuwa mmoja wa wale waliosifiwa. Yeye alijisitiri, nasi tukaipasua sitara yake kwa jina la kumsaidia.

Katika Suratun Nur twafunzwa kwamba haifai kuingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Wanavyuoni wametusomesha kwamba idhini hiyo imewekwa kwa ajili ya macho, ili jicho lisione ambacho mwenyewe hakutaka kionekane. Basi ikiwa mlango wa mbao wahitaji idhini, simu yetu yamwingiza mgeni nyumbani mwa mtu kwa idhini ya nani? Sura hiyo hiyo yasimulia kisa cha uzushi aliozuliwa mama yetu Aisha (R.A.). Uzushi ule haukusambazwa na wazushi peke yao. Walikuwamo Waislamu waliolipokea neno kwa ndimi wakalipitisha, wakidhani ni jambo jepesi. Mtume (S.A.W.) na nyumba yake waliteseka kwa muda wa mwezi hivi kabla ya wahyi kushuka. Leo neno halihitaji ulimi, kidole kimoja chatosha. Na katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Sisi hatukuwa na udhuru hata huo wa kutojua.

Wazee wetu wana methali, kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha huona yote, na sifa yake ni kunyamaza. Mwalimu wa madrasa naye ni mwosha kwa namna yake. Ajua ni mtoto gani alikuja bila kula, ni nani baba yake hayupo, ni nani kanzu yake imeshonwa mara tatu. Aliyefunuliwa siri kama hizo amekabidhiwa amana, wala hakupewa mali ya kutangaza.

Sheria ya nchi nayo ina la kusema, na ni vyema mama zetu walijue. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kufanya kazi tarehe 25 Novemba 2019, yataka kwamba habari za mtoto zisitumiwe ila kwa idhini ya mzazi au mlezi wake, na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Picha ya uso ni katika habari hizo. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kamishna wake wa kwanza ni Bi Immaculate Kassait, imekwisha kutoa adhabu. Mwezi wa Septemba 2023 iliitoza Roma School ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo klabu moja ya starehe ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ruhusa, na kampuni moja ya mikopo ya simu ikatozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia vitisho.

Yapo mambo mawili katika sheria hiyo ambayo twapenda kila mama ayashike. La kwanza, malalamiko yaweza kupelekwa kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika hazuiliwi, kwani ofisi yapaswa kuyaandika maneno yake. La pili, malalamiko yatakiwa yachunguzwe na kumalizwa kwa siku 90. Na mtu ana haki ya kudai habari zake zifutwe zikiwa zatumiwa kinyume cha sheria.

Kijana mmoja wa kibarazani, alipoipata habari yetu, alitukumbusha yaliyotokea Nairobi mwaka 2023, pale maelfu ya watu walipopanga foleni katika jumba la KICC wapigwe picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali iliusimamisha mradi huo mwezi wa Agosti mwaka huo, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Mahakama iliona kwamba idhini iliyopatikana kwa kumtamanisha mtu fedha si idhini ya kweli. Tulimwambia yule kijana kwamba watu wale angalau walisimama kwenye foleni wenyewe, ilhali mtoto wetu aliketi kusoma.

Toba, kama tunavyosomesha, ina sharti zake: kuliacha jambo, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na ikiwa ni haki ya kiumbe, basi arudishiwe haki yake au aombwe radhi. Tuliiondoa picha. Tukaandika kwenye ukurasa ule ule kwamba maneno tuliyoyaandika hayakuwa ya kweli, bila kumtaja mtoto mara ya pili, na tukawatahadharisha watu na nambari ile ya kitapeli. Tuliipiga nambari hiyo, ilikuwa imezimwa. Kisha tukaenda nyumbani kwa mama, sisi na wajumbe wawili wa kamati, tukamwomba radhi. Tukamweleza pia kwamba anayo haki ya kutulalamikia kwa Kamishna, na kwamba hatutamchukia akifanya hivyo. Alitupa chai, akasema, "Nitangoja nione mtafanya nini." Hilo ndilo jibu alilotupa, na hatukustahili jingine.

Katika kamati hatukuafikiana kwa wepesi. Mweka hazina wetu, mtu mwema asiyelala kwa deni za madrasa, alisema kwamba wafadhili walio mbali wataka kuona. Bila sura ya mtoto hawatoi. Tena akauliza ni kipi kibaya zaidi, mtoto kuonekana au mtoto kukosa mwalimu. Swali lake ni la haki, na hatutalikejeli. Tulimjibu kwamba mfadhili ana haki ya kujua fedha yake imekwenda wapi, lakini hana haki ya uso wa mtoto. Basi tulikata shauri ifuatavyo. Tutapiga picha ya mikeka iliyonunuliwa, ya paa lililorekebishwa, ya risiti na ya daftari la mahesabu. Watoto wakionekana, wataonekana kwa nyuma au kwa mbali. Hatutaandika jina wala bula. Tukihitaji picha ya mtoto kwa sababu ya furaha, kama vile kuhitimu juzuu, tutamuuliza mzazi kwa lugha anayoielewa, Kiborana, Kisomali au Kiswahili, na tutamuuliza mtoto naye. Akisema hapana, hatoulizwa sababu, na fungu lake la msaada halitapungua hata punje.

Mwezi uliofuata michango ilishuka. Mwalimu mmoja alipokea nusu ya mshahara wake kwa wakati, na nusu nyingine baada ya wiki tatu. Twalisema hili ili asije mtu akadhani kwamba kuchunga heshima ya watu hakuna gharama. Ina gharama, na ni afadhali tuilipe sisi wakubwa kuliko kuilipisha kwa uso wa mtoto wa miaka tisa.

Sasa turudi majumbani mwetu, mama zetu, kwani huko nako mna picha nyingi kuliko madrasani. Sheria haimfuati mama anayemtumia bibi picha ya mjukuu wake, kwani mambo ya ndani ya familia yameachwa nje ya sheria hiyo ya data. Lakini adabu haikuachwa nje. Kundi la ukoo lenye watu themanini si sebule. Na ile picha iwekwayo kwenye hali ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24 kwa aliyeiweka tu. Aliyeipiga picha kwenye skrini yake anayo, na aliyeihifadhi anayo, na kuifuta kwako hakuingii ndani ya simu yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tazameni arusi zetu. Siku ya kupamba, bibi arusi hukaa mbele ya wanawake wenzake akiwa amefunua alichoamrishwa kukisitiri mbele ya wanaume wasio maharimu zake. Kila aliyehudhuria ameaminiwa. Kisha mmoja huinua simu kwa nia njema, amtumie dada yake aliyeko Muscat aone, na dada yake huonyesha wenzake, na kabla ya isha picha imefika kwa wanaume. Zipo familia za pwani ambazo huweka kikapu mlangoni, simu zikaachwa humo mpaka shughuli ishe. Wengine huwaona wana kiburi. Sisi twawaona wamefahamu. Na kwa picha za faragha kabisa, zile za mwili wa mtu, sheria ya mwaka 2018 imeweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, kwa anayezisambaza. Binti anayetishwa na mtu kwa picha kama hizo asifungiwe chumbani wala asianze kwa kupigwa. Amedhulumiwa, naye ahitaji mama wa kusimama naye mpaka kituo cha polisi.

Na kina baba, ambao twajua huisoma safu hii baada ya wenyewe kumaliza: msimpige picha mtoto anayelia, anayetibiwa au anayeadhibiwa. Kicheko cha kundi ni cha dakika moja. Mtoto ataikuta picha ile akiwa na miaka ishirini, akitafuta kazi au mchumba.

Kabla ya kutuma picha ya mtu, jiulizeni tu kama mwenyewe angekuwa ameketi hapo karibu yenu akitazama kidole chenu, mngeendelea. Mkiona haya, basi hiyo haya ni katika imani.

Siku tulipokwenda kumuomba radhi mama, tulimuomba na binti. Tulimwambia kwamba mwalimu wake amekosea, na kwamba picha imeondolewa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na wale waliokwisha kuiona?" Tulimwambia kweli, kwamba hao hatuwezi kuwafikia. Alitikisa kichwa, akaenda kuchukua juzuu lake, kwani ilikuwa saa ya darasa. Siku hizi hukaa safu ya nyuma. Hatujamwambia asogee mbele. Twangoja asogee mwenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu asitiri aibu zetu duniani na akhera, atufundishe kuwasitiri wenzetu, na atujaalie tuwe waaminifu wa amana ndogo na kubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.